Bunia: kulala usiku mmoja kwenye njia ya wapagazi

Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, ni mji ambao wasafiri wengi wanaujua usiku tu. Malori yenye bidhaa za Uganda yanaingia jioni toka Mahagi, vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Dereva anatafuta pahali pa kuegesha, anakula bugali na samaki wa Tchomia ao Kasenyi, kisha analala mulemule ndani ya kabini. Kesho ni Komanda, halafu Beni ao Kisangani.

Ila kesho ya Ituri haina saa. Kuna kungoja habari za barabara, kungoja wengine ili magari yatoke pamoja, mara nyingine kungoja wanajeshi wa kusindikiza. Nusu siku inapita watu wamekaa kwenye kivuli cha lori. Hali ikiruhusu, nusu siku hiyo inatosha kufika Bogoro, kilometa 25 hivi toka mjini kwenye barabara ya Kasenyi.

Baada ya Bogoro, nchi ya juu inaishia ghafla. Bunia iko kwenye meta 1,200 na zaidi juu ya bahari. Ziwa Albert liko chini yake kwa meta zaidi ya 600. Barabara inateremka kwa kona, na hewa ikiwa safi macho yanafika mpaka milima ya Uganda.

Kwenye ukingo huo huo wa bonde, tarehe 13 Desemba 1887, lilitokea kundi la watu waliokonda. Walikuwa watu wa Henry Morton Stanley, waliotumwa kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama upande wa kaskazini wa ziwa. Walitoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, tarehe 28 Juni wakiwa 389. Msitu wa Ituri uliwala kwa njaa, magonjwa na mishale, na kundi lilikuwa limepungua sana. Walishuka ziwani, wakauliza habari za Emin, hawakupata. Mitumbwi ya kuwafikisha kwake haikuwako, na mashua yao ya chuma walikuwa wameiacha nyuma karibu na Ipoto. Wakakaa siku chache, wakageuka, wakarudi tena msituni. Safari yao ya kwanza kwenye ziwa Albert ilikuwa fupi kuliko lori linalongoja vipuri Bunia.

Mashua hiyo inastahili kusimuliwa. Ilikatwa vipande 12, kila kimoja mzigo wa mabegani, na wapagazi ndio walioipitisha msituni. Mwezi wa Aprili 1888 waliifikisha ziwani, ikateremshwa majini, na tarehe 29 mwezi huo Emin akakutana na Stanley.

Vitabu vingi vinamwita Stanley mfunguzi wa njia. Ni neno la kupimwa. Wazungu walikuwa wachache sana katika kundi lile. Waliokata miti na kubeba mizigo wengi wao walikuwa watu wa Zanzibar. Zaidi ya nusu yao hawakurudi kwao. Na huko Ipoto walikuta tayari watu wa Kilonga-Longa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, waliokuwa wameshaingia msituni mbele yao. Wenyeji, nao, walikuwa na njia zao tangu zamani.

Wapagazi hao hawakuwa malaika. Walikula ndizi za mashamba ya watu bila kuomba, na kwenye nchi ya majani Stanley alipigana na watu wa chifu Mazamboni, vijiji vikachomwa, kabla ya kupatana kwa undugu wa damu. Lakini amri, ugomvi na bei ya muhindi, vyote vilisemwa kwa Kiswahili. Kabla ya migodi, jeshi na misheni kukieneza, lugha hii ilikuwa imeingia Ituri ikitembea kwa miguu. Wabelgiji walikuja kuiita Kingwana.

Bogoro yenyewe haipitiwi kwa kuangalia ziwa tu. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa na raia wengi wakauawa. Kwa kosa hilo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Germain Katanga mwaka 2014 kifungo cha miaka 12. Mgeni anayesimama hapo kupiga picha, afadhali asalimie kwanza.

Miaka ya 1970 na 1980, watalii wa Ulaya waliokata Afrika kwa malori walipita sana upande huu. Walilala ndani ya magari na kwenye mahema, wakaangalia okapi Epulu, kisha mapango ya mlima Hoyo, kusini mwa Komanda. Mlima bado upo, na mapango yake ya mawe ya chokaa pia. Vita ndiyo iliyofukuza wageni, na leo anayeuliza habari za Hoyo anajibiwa kwanza habari za usalama.

Saa nane mtu anakuwa amerudi Bunia. Soko kuu bado limejaa. Ni wakati wa kununua maji, mkate na samaki wa kukausha, maana Komanda ni kilometa 75 na mvua ikinyesha hakuna anayejua saa ya kufika. Dereva anapima mafuta, anagonga matairi kwa nyundo moja baada ya lingine. Kisha anapigia simu mwenzake aliyetangulia, amuulize njia ikoje.