Kukarabati si Kupaka Rangi Tu

Kituo cha Quincy, mjini Chicago, Marekani, kilifunguliwa mwaka 1897 kwenye reli iliyoinuliwa juu ya barabara kwa nguzo za chuma. Miaka ilipita, kikachakaa. Wenye mji hawakukivunja. Kufikia mwaka 1988 walikuwa wamekirudishia sura yake ya awali. Hata hivyo mwenye kiti cha magurudumu alibaki chini barabarani, akizitazama ngazi. Kasoro hiyo ilidumu miaka 30, mpaka lifti zilipowekwa mwaka 2018.

Nasi wa visiwani tunaijua gharama ya kuchelewa. Beit-al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, na roho za watu zikapotea. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo hapana budi wakuu wa idara zetu wazingatie mambo mawili. Jengo la kale lishughulikiwe ufa ungali mdogo. Na likishatengenezwa, kila mwananchi, mzima na mlemavu, aweze kuingia. Urithi usioingilika na wenyewe ni pambo tu.