Fahamu: Kwa nini kichocho kimejikita kaskazini mwa Unguja
Kichocho cha mkojo, kiletwacho na minyoo iishiyo katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, hakijaenea sawasawa Unguja, kwa kuwa viluwiluwi vya minyoo hiyo lazima kwanza vikue ndani ya konokono wa maji baridi aitwaye Bulinus globosus, anayeishi katika vijito na mabwawa ya kaskazini na kati, kama vile Chaani, ilhali kusini, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, hupatikana jamaa yake asiyeeneza ugonjwa huo. Mtoto aogeleaye au mama afuaye kijitoni hupenywa ngozi na viluwiluwi, mara nyingi bila kuhisi, kisha mkojo hutoka na damu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii maambukizi mapya, ndiyo maana maji safi ya bomba vijijini ni kinga isiyopaswa kucheleweshwa.