Gitaa la Baba Lisiondoke Bila Picha

Katika nyumba nyingi kuna kitu cha baba ambacho mama hukizunguka kila anapofagia. Pengine ni baiskeli mbovu au redio ya zamani. Kwa waliopiga muziki, kwenye bendi za dansi au kwaya za kanisani, huwa ni gitaa. Siku moja mama huchoka nalo, akaliuza kwa bei ya kutupa, na habari zake zikapotea.

Geddy Lee wa Kanada, mpiga besi wa bendi ya Rush, alikusanya magitaa ya besi ya zamani. Richard Sibbald akayapiga picha, na mwaka 2018 kikatoka kitabu chenye magitaa zaidi ya 250.

Mama yake, Mary Weinrib, alinusurika katika kambi za mateso za Wanazi. Mumewe alipofariki, Geddy akiwa na miaka 12, aliendesha duka na kulea watoto watatu. Hata jina Geddy lilitokana naye: mtoto aliitwa Gary, lakini lafudhi ya kwao Poland ikalifanya lisikike hivyo.

Kwa nini magitaa ya besi? Tangu Leo Fender wa Marekani alipoanza kuuza besi yake ya umeme mwaka 1951, chombo hiki kimebeba muziki wa dunia nzima. Wasikilizaji husifu solo, lakini besi ikinyamaza wimbo hulegea. Akina mama tunaifahamu kazi ya namna hiyo.

Jinsi ya kupiga picha

Tuseme mama mmoja wa Bombambili, mjini Songea, ana gitaa la besi la marehemu mumewe. Hahitaji studio, simu yenye kamera inatosha. Na afanye hivi:

1. Alifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Asipake rangi wala kuondoa mikwaruzo, kwa kuwa hiyo ndiyo historia.

2. Aliegemeze wima karibu na dirisha, nyuma yake pakiwa na shuka la rangi moja. Kanga yenye maua itashindana na gitaa.

3. Azime flashi, maana huacha doa jeupe kwenye rangi inayong'aa. Gitaa likiakisi dirisha, aligeuze kidogo.

4. Besi ni ndefu, zaidi ya mita moja. Asogee nyuma na kuishika simu usawa wa katikati ya gitaa, la sivyo upande ulio karibu utaonekana mkubwa kupita kiasi.

5. Apige mbele, nyuma, kichwa chenye jina la kiwanda, na namba kama ipo. Namba hiyo itasaidia kulitambua likiibwa.

Andika maelezo

Picha bila maneno ni bubu. Alilinunua nani, mwaka gani? Fedha zilitoka wapi: mahindi, tumbaku au mshahara? Lilipigwa kwenye harusi ya nani? Andika katika daftari, na usafishe picha moja ya karatasi, kwani simu hupotea.

Watu wa Songea wanajua thamani ya kumbukumbu. Makumbusho ya Majimaji yaliyopo mjini humo yanawakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mjukuu akifika hapo hujifunza habari za watu waliokufa muda mrefu kabla hajazaliwa. Nyumbani nako anastahili kumjua babu yake.

Huenda ada ya shule inadaiwa na gitaa halina budi kuuzwa. Hilo si kosa. Mtoto kusoma ni jambo kubwa. Ila waite watoto kwanza, mpige picha pamoja, uwasimulie, ndipo liende.

Na kama baba yu hai, usingoje. Muulize leo jioni, kisha umpige picha akiwa amelishika mwenyewe.