Korongo-taji: Ndege wa Rwanda aliyeponzwa na uzuri wake

Kwa miaka mingi, mgeni aliyeingia katika bustani ya hoteli au ua wa mtu mwenye uwezo jijini Kigali hakushangaa kumkuta ndege mrefu mwenye taji la dhahabu akitembea taratibu nyasini. Ndege huyo, aitwaye umusambi kwa Kinyarwanda na korongo-taji kwa Kiswahili, alihesabiwa kuwa ishara ya utajiri na maisha marefu.

Hata hivyo, heshima hiyo nusura immalize. Tangu mwaka 2012, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, umemworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Nchini Rwanda, sensa ya mwaka 2017 iliwahesabu korongo-taji 487 pekee waliokuwa wakiishi porini.

Je, ndege huyu anaishi vipi, na kwa nini hawezi kustawi uani mwa binadamu?

Ndege wa maji na wa nyasi

Korongo-taji ana urefu wa takriban mita moja na uzito wa karibu kilo tatu na nusu. Akikunjua mabawa yake, upana wake hufika mita mbili. Manyoya yake mengi ni ya kijivu, mashavu ni meupe, na chini ya koo huning'inia kifuko chekundu.

Makazi yake yako Afrika Mashariki na Kusini. Nchini Uganda ndiye ndege wa taifa, na picha yake imo katikati ya bendera ya nchi hiyo.

Maisha yake yamegawanyika sehemu mbili. Mchana hutafuta chakula katika nyanda za majani na mashamba, ambako hula mbegu, wadudu, minyoo na vyura. Mara nyingi hupiga miguu yake ardhini anapotembea ili kuwafurusha wadudu waliojificha majanini. Jioni hupanda mtini kulala, jambo ambalo korongo wengi duniani hawaliwezi. Yeye hulimudu kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu na hushika tawi.

Wakati wa kuzaa, mambo hubadilika. Dume na jike, ambao huishi pamoja kwa miaka mingi, hujenga kiota katikati ya matete ya ardhi oevu, mahali ambapo maji huwazuia mbwa na wanyama wengine kufika. Jike hutaga mayai mawili au matatu, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa zamu kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Bila maji na matete hayo, kiota hubaki wazi kwa kila adui.

Namna bustani ilivyomdhuru

Vifaranga wa korongo-taji huacha kiota mapema, lakini huchukua miezi miwili au zaidi kabla ya kuweza kuruka. Katika kipindi hicho ni rahisi kuwakamata. Wakazi wa kandokando ya mabwawa, wengi wao maskini, waliwachukua na kuwauza kwa wachuuzi waliowapeleka mijini.

Ili ndege asitoroke, alikatwa manyoya ya bawa. Kwa kuwa manyoya huota tena, wapo waliovunjwa mfupa wa bawa kabisa. Ndege aliyefanyiwa hivyo hataruka tena maisha yake yote. Zaidi ya hayo, korongo-taji wanaofugwa katika hali hiyo huzaa kwa nadra sana, hivyo kila aliyepelekwa uani alikuwa hasara kwa kizazi kijacho.

Msamaha badala ya adhabu

Mwaka 2014, daktari wa wanyama Olivier Nsengimana, ambaye awali aliwatibu sokwe wa milimani, alianzisha kampeni ya kuwaokoa ndege hao kwa ushirikiano na mamlaka za serikali. Waliokuwa na korongo-taji walitakiwa kuwaandikisha bila hofu ya kuadhibiwa. Shirika lake, Rwanda Wildlife Conservation Association, limewatoa uani na hotelini ndege zaidi ya 200.

Wenye afya walipimwa, wakazoezwa upya maisha ya porini, kisha wakapelekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera mashariki mwa nchi. Wasioweza kuruka walitengewa makazi jijini Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village. Hapo, ardhi oevu ya hekta 21 iliyokuwa imeharibika ilirejeshwa katika hali yake, na zaidi ya korongo-taji 50 wenye ulemavu huishi humo. Raia hufika kuwatazama, badala ya kuwafungia nyumbani.

Sensa za miaka ya karibuni zimehesabu zaidi ya ndege 1,000 nchini kote.

Mustakabali umo bwawani

Kumtoa ndege uani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kulinda mabwawa katika nchi yenye watu wengi na mashamba madogo, ambako mkulima huliona bwawa kama ardhi yenye rutuba isiyotumika.

Bwawa la Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, ni mfano mzuri. Ni makazi muhimu ya korongo-taji, lakini pia maji yake huingia katika maziwa ya Burera na Ruhondo, yanayoendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka na Mukungwa. Bwawa hilo lilipokaushwa kwa ajili ya kilimo, kina cha maji kilishuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ililazimika kukodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ilizuia kilimo humo, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Katazo hilo lilikuwa na gharama kwa familia zilizolitegemea bwawa kwa chakula na majani ya ng'ombe. Ndiyo maana wahifadhi wameajiri wakazi wa hapohapo kuwa walinzi wa viota, ili ndege aliye hai bwawani awe na faida kwao kuliko kifaranga aliyeuzwa sokoni.