Mlingoti Unaozama: Sentimita 60 au 90?

Barua niliyoisoma hewani juma hili inatoka Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Mwandishi ni kijana ambaye kazi yake ni kuwabebea vyombo wageni wanaokuja kuteleza baharini wakivutwa na tiara kubwa. Mgeni mmoja anarejea kwao na anauza ubao wake wa haidrofoili. Milingoti anayo miwili, mmoja wa sentimita 60 na mwingine wa sentimita 90, lakini atauza mmoja tu. Ndugu wa kijana huyu wamechanga fedha. Naye anataka ajifunze hadi aweze kufundisha wengine. “Bwana mtangazaji,” anauliza, “nichukue upi?”

Wapo watakaosema haya ni mambo ya starehe ya wazungu. Fedha iliyochangwa na ukoo si starehe, ndugu msomaji, na ikishatoka ni vigumu kurudi. Basi tulitazame swali kama linavyostahili.

Kwanza chombo chenyewe, kwa wale walio mbali na bahari. Chini ya ubao hushuka nguzo nyembamba, nayo ndiyo huitwa mlingoti, ingawa mlingoti wa jahazi hutazama juu na huu hutazama chini. Kwenye ncha yake hufungwa kiunzi cha kulala chenye bawa kubwa mbele na bawa dogo nyuma. Maji ni mazito kuliko hewa kiasi cha mara 800, hivyo bawa dogo likipita majini kwa mwendo wa wastani tu linatosha kumwinua mtu pamoja na ubao wake. Ubao ukishatoka majini, kinachobaki kukata maji ni mlingoti na mabawa, na mwendo huongezeka.

Ujuzi huu ni wa zamani. Mwitaliano Enrico Forlanini alijaribu chombo cha namna hii katika Ziwa Maggiore mwaka 1906. Mwaka 1919 huko Kanada, chombo cha Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, na mwenzake Casey Baldwin, kilifikia mwendo wa karibu kilometa 114 kwa saa. Katika Olimpiki ya mwaka 2024 mashindano ya tiara na haidrofoili yaliingizwa kwa mara ya kwanza, yakafanyika Marseille, Ufaransa. Valentin Bontus wa Austria na Ellie Aldridge wa Uingereza ndio waliochukua dhahabu. Mabingwa wa mbio hizo hutumia milingoti ya kiasi cha mita moja na zaidi.

Kwa nini mirefu hivyo? Mpandaji ana mipaka miwili. Juu, ubao usigongwe na mawimbi. Chini, bawa lisikaribie uso wa maji, kwa sababu likikaribia hunyonya hewa, nguvu ya kuinua hupotea ghafla, na mtu huanguka kama aliyeondolewa kiti. Sasa piga hesabu. Tuseme unataka bawa libaki angalau sentimita 20 chini ya maji, na mawimbi madogo yana kimo cha sentimita 30. Mlingoti wa 60 unakuachia sentimita 10 tu za kukosea. Mlingoti wa 90 unakuachia 40. Isitoshe, mlingoti mrefu humruhusu mpandaji kuulaza ubao sana upande wa upepo, akapanda joshi vizuri, bila ncha ya bawa kutoka nje. Kwa maji ya nje ya mwamba wakati wa kusi, huo ndio mlingoti.

Lakini urefu una gharama yake. Nguzo iliyoshikwa upande mmoja, ukiirefusha, kupinda kwake hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Kutoka 60 hadi 90 ni mara moja na nusu. Zidisha hiyo kwa yenyewe mara tatu upate zaidi ya tatu. Maana yake, kwa nguvu ile ile, na kama milingoti yote miwili ni ya unene na madini yale yale, ule mrefu utapinda zaidi ya mara tatu. Ndiyo sababu milingoti mirefu mizuri huwa ya kaboni, na kaboni ni ghali. Tena anayejifunza huanguka mara nyingi, na kuanguka kutoka juu zaidi kunauma zaidi.

Halafu kuna kina cha maji, na hapa Paje ina neno lake. Ndani ya mwamba maji ni haba. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Unguja hukaribia mita 4, na maji yakitoka unatembea kwa miguu pale ulipoogelea asubuhi. Mwenye mlingoti wa 90 anahitaji maji ya kifua ndipo awe na amani. Mwenye 60, maji yaliyopita kiuno yanamtosha. Tofauti hiyo ni saa kadhaa za mazoezi kila siku.

Na wako akina mama wa mwani. Kilimo hicho kilianza kuwa biashara Unguja mwaka 1989, na mashamba yake ni vigingi na kamba katika maji haya haya haba. Bawa la haidrofoili ni kisu. Likipita juu ya kamba zilizofunikwa na maji, hukata kazi ya wiki nzima ya mtu. Mlingoti mfupi hauondoi hatari hiyo, na mashamba ni ya kuzungukwa kwa mbali hata maji yakijaa, lakini unapunguza kina ambacho kisu hicho kinafika.

Kwa hiyo mimi namwambia achukue wa 60. Najua wajuzi watasema atauchoka baada ya miezi michache, na wanasema kweli. Ila kijana huyu anataka kufundisha, na wanafunzi wake watakuwa wanaoanza, ambao mlingoti mfupi ndio wao. Hautalala stoo. Mrefu atautafuta baadaye kwa fedha yake mwenyewe, mradi uwe wa kiwanda kile kile, kwani viungo vya kampuni moja mara nyingi havikubali vya nyingine.

Kabla ya kulipa, autazame mlingoti kwa urefu wake kama fundi anavyotazama ubao, aone kama umepinda, na achunguze nyufa pale unaposhikana na ubao. Kisha amwombe mwenye mali afungue skrubu zote mbele yake. Chuma cha pua kikikaa ndani ya alumini na maji ya chumvi, hushikana kabisa kama hakipakwi grisi na kuoshwa kwa maji baridi. Zikikataa kufunguka, bei na ishuke, au aage kwa heshima aende zake.