Wabunge wa Ulaya na Kenya: Urafiki unaopimwa kwa kura

Mkataba wa kibiashara kati ya Umoja wa Ulaya na Kenya ulipita mikononi mwa wabunge wa pande zote mbili kabla ya kuanza kutumika mwaka 2024. Je, wabunge wa Ulaya wana nguvu gani hasa juu ya uhusiano huo, na ni wakati gani sauti ya Afrika huweza kuwafikia?

Alhamisi ya tarehe 29 Februari mwaka 2024, Bunge la Ulaya lililokuwa likikutana mjini Strasbourg, Ufaransa, liliidhinisha kwa kura nyingi mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi, maarufu kwa kifupi cha EPA, baina ya Umoja wa Ulaya na Kenya. Mkataba huo ulikuwa umetiwa saini mjini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023. Bunge la Kenya nalo liliuridhia, na ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Kwa mtu wa kawaida kura ya Strasbourg yaweza kuonekana kuwa jambo la mbali. Sivyo ilivyo kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha, ambao waridi wanazozikata asubuhi husafirishwa kwa ndege hadi katika masoko ya Uholanzi. Mwaka 2014 walionja uchungu wa Kenya kukosa mkataba. Kuanzia Oktoba hadi siku ya Krismasi mwaka huo, bidhaa kadhaa za Kenya zilitozwa ushuru zilipoingia Ulaya, yakiwemo maua, kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamechelewa.

Kwa nini Kenya peke yake? Majirani zake, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, wamo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na tangu mwaka 2001 nchi za orodha hiyo zimeruhusiwa kuuza Ulaya bila ushuru kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haimo katika orodha hiyo. Bila ya mkataba, ndiyo ingelazimika kulipa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikamilisha mazungumzo kwa pamoja mwezi Oktoba 2014, lakini Kenya na Rwanda tu ndizo zilizotia saini mwezi Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Bunge lake likaunga mkono msimamo huo mwezi Novemba mwaka huo huo, kwa hoja kwamba viwanda vichanga vya eneo hili visingeweza kushindana na bidhaa za Ulaya. Mwezi Februari 2021 ndipo viongozi wa Jumuiya walipokubali kwamba nchi iliyo tayari inaweza kutangulia.

Hoja ya Tanzania haikupotea. Mkataba wa Kenya unafungua soko la Ulaya mara moja kwa bidhaa za Kenya, huku Kenya ikitakiwa kufungua soko lake hatua kwa hatua katika kipindi cha hadi miaka 25, na baadhi ya bidhaa zimeachwa nje kabisa. Hata hivyo, wapinzani wa mkataba huo hawakuridhika, na shauri lao lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki yenye makao yake mjini Arusha.

Nguvu ya wabunge wa Ulaya katika mambo kama haya si ya siku nyingi. Ilikua hasa baada ya Mkataba wa Lisbon kuanza kutumika Desemba 2009. Tangu wakati huo, mikataba ya kibiashara ambayo Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya huijadili na nchi za nje haiwezi kukamilishwa bila ya ridhaa ya Bunge. Wabunge hawawezi kubadilisha hata herufi moja ya mkataba uliofikishwa mbele yao. Ama wataukubali wote, ama wataukataa wote. Na kukataa wanaweza. Mwezi Julai 2012 waliutupilia mbali mkataba wa kimataifa dhidi ya bidhaa bandia, ACTA, licha ya kwamba serikali nyingi za Ulaya zilikwisha kuutia saini.

Kura hiyo ya ridhaa isichanganywe na maazimio ambayo Bunge hilo hupitisha mara kwa mara kuhusu nchi za nje. Mwezi Septemba 2022, kwa mfano, lilipitisha azimio la kukosoa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, na kuitaka kampuni ya TotalEnergies isogeze mbele mradi huo kwa mwaka mmoja ili njia nyingine zichunguzwe. Mjini Kampala azimio hilo lilipokewa kwa hasira. Lakini kisheria halikumfunga mtu yeyote, na mradi uliendelea. Uzito wa azimio huwa katika sifa ya nchi na katika masikio ya mabenki. Uzito wa ridhaa huwa katika sheria yenyewe.

Iko pia sura ya tatu, ambayo Wakenya wanaijua vyema. Ujumbe wa waangalizi wa uchaguzi kutoka Umoja wa Ulaya kwa kawaida huongozwa na mbunge wa Ulaya. Mwaka 2007 alikuwa Alexander Graf Lambsdorff wa Ujerumani, ambaye ujumbe wake ulitilia shaka ujumlishaji wa kura za urais. Waliomfuata ni Alojz Peterle mwaka 2013, Marietje Schaake mwaka 2017 na Ivan Štefanec mwaka 2022.

Je, Waafrika nao wana ukumbi wa kusema? Mkataba wa Samoa, uliotiwa saini mjini Apia mwezi Novemba 2023 kuchukua nafasi ya ule wa Cotonou wa mwaka 2000, uliunda baraza la wabunge wa Afrika na Ulaya, sambamba na mabaraza ya Karibiani na Pasifiki. Wabunge wa pande hizo walikutana kwa mara ya kwanza chini ya mkataba huo mjini Luanda, Angola, Februari 2024.

Vikao vya namna hii hulaumiwa kuwa ni vya hotuba na picha za pamoja. Lawama hiyo ina ukweli pale wabunge wanapokutana baada ya mambo kuamuliwa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, ikiwemo kahawa. Mkulima mdogo wa Nyeri au Kirinyaga, ambaye hakuwahi kufyeka msitu wowote, sharti shamba lake lijulikane lilipo kwenye ramani ndipo kahawa yake ipokewe Ulaya. Malalamiko yaliposhika kasi sheria ilikwisha pita, na kilichopatikana ni pamoja na kuahirishwa kwa tarehe yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Mbunge wa Nairobi anayezungumza na mwenzake wa Brussels wakati muswada ungali katika kamati humsaidia mkulima huyo kuliko anayemlalamikia mwaka mmoja baadaye.

Katika hilo, wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya wana nafasi yao. Aliye raia wa nchi mwanachama humpigia kura mbunge wa Ulaya kila baada ya miaka mitano; uchaguzi wa Juni 2024 uliwapata wabunge 720. Hata mkazi asiye raia ana haki ya kupeleka ombi rasmi kwa Bunge hilo kuhusu jambo linalomgusa ambalo liko chini ya mamlaka ya Umoja. Walioko Uingereza, iliyojitoa katika Umoja huo Januari 2020, wana mlango mwingine wa kubisha: London ilitia saini mkataba wake yenyewe na Kenya mwezi Desemba mwaka huo, na wenye kuusimamia ni wabunge wa Westminster.