Mwili umetulia, lakini bongo?

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wa nyumba, leo tunaongea juu ya kifafa yenye haikatike.

Kazini tumezoea kusema: ameanguka, ametetemeka, sasa amelala, mumuache. Mara nyingi ni kweli, kifafa inamalizika yenyewe mbele ya dakika 5. Lakini ikipita dakika 5, ao ikirudia mbele mutu hajajitambua, ile ni hatari. Waganga wanaiita état de mal. Ikifika nusu saa, bongo inaweza kuharibika kabisa.

Waganga wanajua namna gani? Bongo inatumika na umeme mudogo sana. Mwaka 1924, huko Jena katika Ujerumani, munganga Hans Berger aliupima kwa mutu mara ya kwanza. Siku hizi wanabandika vyuma vidogo kwenye ngozi ya kichwa, waya zinaenda kwa mashini, na kamera inachukua mugonjwa saa ile ile. Mashini haipige mutu umeme, inasikiliza tu. Munganga anaangalia mistari ya bongo pamoja na picha ya mwili.

Huko Richmond, katika Marekani, walipima wagonjwa 164, kisha dawa kusimamisha kutetemeka kwao. Mwaka 1998 walitangaza matokeo: kwa wagonjwa 48 katika 100, umeme wa kifafa ulikuwa ungali unawaka ndani ya kichwa. Mwili kimya, bongo moto. Pengine ni kope tu inachezacheza, ao kidole.

Mashini ile haipatikane kila mahali. Lakini saa na telefone tunazo. Mwenzetu akianguka, muangalie saa. Muondoe mawe na vyuma karibu yake, mumulaze upande, musimutie kitu kinywani. Mate yake haiambukize mutu. Mumoja achukue video, aonyeshe munganga peke yake, asiizungushe kwa watu. Dakika 5 zikipita, lupitalo mbio. Na akitulia bila kuamuka, musikubali neno «amelala» wala «amelewa» mpaka munganga amuone.

Sisi wa sendika tunaomba jambo moja kwa wakubwa wa kazi: motokari ya wagonjwa itoke mara moja, usiku na muchana, bila kungojea sinyatire ya ofisi. Karatasi itaandikwa kisha. Bongo yenye kuwaka haingoje.